Feni ya Chumba cha Redio

Ayan hooyo, mwanangu,

Basi lako la Mandera linaondoka kesho baada ya sala ya alfajiri. Sasa ni alasiri, umekwenda kumuaga shangazi yako, na mimi nimekaa kwenye mkeka na daftari hili kabla hujarudi. Nakuandikia kwa Kiswahili. Usishangae. Kisomali changu ni cha mdomoni tu. Kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili, na kazi ya redio, ya kuitana na madereva wa malori, nimeifanya kwa Kiswahili miaka saba. Tena kuna mambo ambayo ni rahisi kuyasema katika lugha ambayo siyo ile niliyokubembelezea ulipokuwa mchanga.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya mto Daua, wala za komeo na kufuli, wala za yule mwenye nyumba utakayepanga kwake, ambaye kwa maoni yangu alikubali haraka mno. Dereva wa basi nimekwenda kumwangalia jana. Simpendi, lakini sijawahi kumpenda dereva yeyote wa basi. Unanijua. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu kupita kiasi, najiuliza anataka nini. Tabia hiyo imenisaidia mara nyingi katika nchi yetu hii, na sikuombi radhi kwa ajili yake. Lakini mara moja iliniangusha vibaya, na kwa kuwa unakwenda kukaa kwenye kiti kama changu, mbele ya redio kama yangu, nataka ulisikie jambo hili kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine.

Unakumbuka miezi miwili niliyokaa nyumbani mwaka jana, nikakuambia ni likizo? Haikuwa likizo. Nilisimamishwa kazi.

Chumba chetu cha redio pale Dadaab unakijua, maana umekaa humo. Lakini hukukijua kama kilivyokuwa baada ya zile mvua kubwa zilizokata barabara. Shirika letu la misaada lilitaka ramani mpya za visima na njia za malori ya maji, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimesombwa, yaani njia zenyewe. Wakamleta Mutua, mchora ramani kutoka Machakos, na kompyuta yake. Chumba chenye umeme wa betri usiokatika kilikuwa kimoja tu, changu. Basi kompyuta ikawekwa mezani kwangu, hatua mbili kutoka kwenye redio.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na kadi ya picha. Ndiyo inayochora kile unachokiona kwenye kioo, na kwa ramani za Mutua ilihitajika kadi yenye nguvu. Kadi yenye nguvu hupata joto, kwa hiyo imebandikwa kipande cha alumini na juu yake feni ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai. Feni ikiwa ndogo hivyo, ili ipoze chochote lazima ikimbie kama kichaa. Vumbi la Dadaab likaingia humo. Wiki ya pili ilianza kulia. Si kunguruma, kulia, kama mbu aliyeingia sikioni na hataki kutoka, kuanzia Mutua anapowasha asubuhi mpaka anapozima jioni.

Wewe unajua sauti za redio zinavyokuja. Mtu yuko kilomita mia moja, sauti yake ni nyembamba kama uzi, inapanda na kushuka katikati ya mikwaruzo. Uzi ule sasa nilipaswa kuutafuta ndani ya kilio cha feni. Nililalamika. Mutua naye alilalamika, maana kioo chake kilikuwa kinaganda kadi ikipata joto. Lakini mimi nilikuwa na kiburi cha masikio yangu. Madereva walikuwa wakisema, "Mama Redio anasikia hata mchanga ukitembea." Nilipenda kuambiwa hivyo. Kwa hiyo nikiitwa na nisisikie vizuri, sikusema sijasikia. Nilikisia. Maneno ya barabarani ni yale yale: tumeondoka, tumefika, tumepata pancha, tunarudi. Ukisikia nusu, nusu nyingine unaijaza mwenyewe. Na ili wao wanisikie mimi, nilianza kupiga kelele, nikirudia kila kitu mara tatu, saa ya kuondoka, njia, idadi ya malori, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya joto.

Ofisi ikamwita fundi. Alikuwa kijana wa makamo, mrefu, jina lake Guyo, Mborana kutoka upande wa Wajir, aliyejifunza ufundi Isiolo na kufungua kibanda hapa Garissa. Nilipoambiwa jina lake tu, moyo ulifunga mlango. Unajua abti yako Nuur, kaka yangu, aliuawa kisimani, na unajua watu walisema waliomuua ni Waborana. Hakuna aliyeona. Walisema tu, na mimi nilikuwa na umri wako, nikalimeza neno lile zima zima. Kwa hiyo Guyo alipoingia na kusema, "Asalaam aleikum, mama," nilijibu salamu bila kuinua uso.

Siku hiyo ya kwanza aliifungua kompyuta, akasafisha feni kwa brashi, akatia tone moja la mafuta ya cherehani. Ikanyamaza. Mutua akapiga makofi. Guyo akatikisa kichwa.

"Hii itanyamaza siku tatu," akasema. "Mafuta atashika vumbi, halafu atalia kuliko mwanzo. Dawa ni kuondoa yote, kuweka kubwa. Feni kubwa atazunguka polepole na atapoza sawasawa, bila kelele."

Akachukua rula, akapima kadi, akaandika kitu kwenye kidaftari cha mfuko wa shati. Kisha akanigeukia.

"Mama, sauti yako inasikika mpaka kwenye bomba la maji."

Nilimtazama. Watu wote wa mtaa ule huchota maji pale bombani. Nilichosikia mimi, kwa masikio yangu yale ya kujivunia, ni kwamba mtu huyu anasikiliza ninachosema.

Siku tatu zilipita na feni ikarudi kulia, kweli kuliko mwanzo. Siku ya nne Siyat aliondoka na lori la maji saa kumi na moja na nusu alfajiri, kuelekea njia ya kaskazini. Siyat unamkumbuka, dereva aliyekuwa akituletea maziwa ya ngamia, mcheshi, ambaye p yake yote ni b. Kama saa mbili baadaye redio iliita. Mutua alikuwa ameibebesha kadi ramani kubwa, na feni ilikuwa imepandisha kilio chake chote. Nikasikia akiita kituo, "Beis, beis... tume... tume..." halafu kitu, halafu mikwaruzo.

Ilikuwa karibu saa ya yeye kufika. Nikajibu, "Hongera, Siyat, nimekupokea, ova." Nikaandika kwenye kitabu cha redio: Wamefika salama.

Alikuwa amesema tumebigwa.

Lori lilikuwa limezuiwa na watu wenye bunduki. Alikuwa ameinama chini ya usukani na risasi pajani, akininong'oneza, na mimi nikampongeza. Kisha waliing'oa redio, kwa hiyo hakuita tena. Gari jingine lilimkuta alasiri, kivulini mwa tairi lake mwenyewe, maji yote ya watu yakiwa yamemwagika mchangani. Alikuwa hai. Alhamdulillahi, alikuwa hai.

Wakati wanamteremsha pale langoni, mtu mmoja akapaza sauti, "Wamebigwa! Wamebigwa!" na hapo nikalitambua lile neno. Lilirudi zima, herufi kwa herufi, kama lilikuwa limekaa sikioni likingoja. Nilijua, Ayan. Tangu dakika ile nilijua.

Mkuu wa ofisi aliniita, kitabu cha redio kikiwa wazi mbele yake. Ni mwanamke mgeni, mpole, anayezungumza Kiswahili cha kitabuni.

"Habiba, hapa umeandika wamefika salama. Ulisikia hivyo?"

"Ndiyo."

"Vizuri? Bila wasiwasi?"

"Nilisikia wazi," nikasema.

Neno moja hilo, wazi, ndilo lililofanya uharibifu wote. Kwa sababu kama nilisikia wazi kwamba wamefika, na wao walikuwa wamepigwa, basi aliyezungumza hakuwa Siyat. Ni mtu mwingine, mwenye redio, anayejua jina lake, gari lake na saa yake. Na mtu wa namna hiyo lazima awe na mwenzake ndani ya ofisi. Kufikia kesho yake kila mmoja alikuwa akimwangalia mwenzake. Mpishi aliulizwa anapokea barua kutoka kwa nani. Walinzi walibadilishwa zamu. Watu waliokuwa wakila sinia moja walianza kula mbalimbali. Na mimi niliyejua kwamba jasusi huyo nimemzaa kwa mdomo wangu, nilikuwa wa kwanza kumtafuta. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe. Sikuwa naigiza. Ndani ya siku chache nilishaanza kuamini kweli kwamba yupo.

Guyo akarudi kama alivyoahidi, na kifurushi kutoka Nairobi. Ndani mlikuwa na kipande cha alumini kikubwa kama kiganja, chenye meno membamba kama ya kitana, na feni pana juu yake. Akakiweka juu ya kadi, akaguna. Matundu ya skrubu hayakulingana. Dukani walimpa cha kadi ya aina nyingine. Akasema si kitu, atatoboa mengine. Akaketi sakafuni na tupa yake, akaanza kukwaruza. Mutua alikuwa ametoka. Tulikuwa wawili tu, na feni ya zamani ikilia.

"Mama," akasema bila kuacha kazi, "ile siku, ulisikia nini hasa?"

"Nilisikia alichosema."

Akaitazama kompyuta, akaitazama redio, kama mtu anayepima umbali kwa macho. "Hapa," akasema, "hata mimi singesikia."

Leo najua alikuwa ananifungulia mlango. Alikuwa amekwisha kuelewa, na alitaka kunipa nafasi ya kusema. Mimi niliona mtu anayeshika siri yangu. Alipotoka kwenda kutawadha, shati lake la kazi lilibaki kwenye kiti. Nilikitoa kile kidaftari. Ndiyo, mama yako alitia mkono kwenye mfuko wa mtu aliyekwenda kusali. Kwenye ukurasa wa ziara yake ya kwanza, siku nne kabla ya shambulio, palikuwa na michoro nisiyoielewa na namba moja iliyozungushiwa duara: 5.5.

Tano na nusu. Kwa saa ya kizungu, hiyo ndiyo saa aliyoondoka Siyat.

Sikwenda polepole. Nilikwenda kwa mkuu wa ofisi karibu kwa kukimbia, na nilijisikia mwepesi kama niliyetuliwa mzigo. Nikamwonyesha. Nikamwambia pia kwamba alishawahi kuniambia anasikia sauti yangu. Nikamwambia anatoka wapi, kama kwamba hilo nalo ni ushahidi. Askari walikuja kabla ya sala ya alasiri. Guyo hakupiga kelele. Alisimama, akafuta vumbi la alumini mikononi, akaniangalia mara moja tu. Alionekana kama mtu aliyeona kitu alichokuwa akikitegemea.

Alikaa ndani siku nne. Kile kipoza joto kipya kilibaki kwenye rafu juu ya kichwa changu, na feni ya zamani ikaendelea kulia, na mimi nikaendelea kukisia.

Mutua ndiye aliyelifumbua, na wala hakukusudia. Siku ya nne mkuu wa ofisi alimpa ule ukurasa ili amsaidie kusoma michoro, kwa kuwa yeye ni mtu wa michoro. Alikuja nao mezani, akautazama, akacheka kidogo. Akafungua kompyuta yake, akachukua rula, akaiweka juu ya kadi, kutoka tundu moja la skrubu hadi jingine.

"Sentimita tano na nusu," akasema. "Mama Redio, hii ni nafasi ya matundu. Alikuwa anapima feni."

Nikamwambia, "Lakini mtu aliwaambia wale watu saa ya lori."

Mutua ni mtu asiyejua kupakapaka maneno. "Nani anahitaji jasusi?" akasema. "Mimi nikiwa chooni nakusikia ukitangaza. Mara tatu."

Ayan, nilikaa pale kwenye kiti. Feni ililia. Nilifikiri kila njia ya kutokea, na njia zilikuwepo. Ningeweza kusema nilikosea kusoma namba, basi. Guyo angeachiliwa na lile wazi langu lingebaki salama, na jasusi angebaki bila jina, na watu wangeendelea kula mbalimbali. Niliifikiria sana njia hiyo. Sitakudanganya kwamba niliikataa kwa sababu mimi ni mwema. Niliikataa kwa sababu redio iliita, dereva mwingine, nikasikia nusu ya neno, na nikaogopa kujibu.

Nilikwenda kwa mkuu wa ofisi nikamwambia, "Sikusikia wazi. Sikusikia kabisa. Nilikisia." Aliniuliza kwa nini sikusema. Nikamwambia ukweli, kwamba niliona aibu. Akaandika kwa muda mrefu bila kuinua kichwa. Guyo alitolewa siku hiyo hiyo. Mimi nilipewa miezi miwili ya kukaa nyumbani, na ningepewa zaidi, na haki yangu ingekuwa zaidi.

Katika miezi hiyo, nilipokuambia nakwenda sokoni, mara mbili sikwenda sokoni.

Mara ya kwanza nilikwenda hospitali kumwona Siyat. Alikuwa ameanza kutembea na gongo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, au kwa msamaha wake, maana mtu hujipangia yote mawili. Aliponiona alijivuta nyuma kwenye kitanda. Ayan, aliniogopa.

Nikamweleza kila kitu, feni, neno, kitabu. Alinisikiliza akiwa ameshika gongo kama silaha. Kisha akasema kwa Kisomali, polepole, "Nilikuambia tumepigwa, ukaniambia hongera. Nililala pale chini ya lori mpaka alasiri nikiisikia ile hongera. Nilijua wewe ni mmoja wao."

Hakuwa amemwambia mtu ila mama yake, na mama akawaambia wa nyumbani. Alinyamaza alipohojiwa kwa sababu alifikiri ofisi ni yangu na watu wangu. Nyumba nzima ya kina Siyat ilikuwa ikinijua mimi, Habiba, kuwa mwanamke aliyewauza madereva, na walikuwa wakinipita barabarani na kunisalimia. Siku zote zile nilikuwa nimemtafuta jasusi, na mimi ndiye niliyekuwa jasusi katika nyumba ya mwingine. Tena ushahidi wao ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mtu wao alinisikia kwa masikio yake.

"Bado umeandika wamefika?" akaniuliza mwishoni.

"Bado ipo kwenye kitabu."

"Usiifute. Andika chini yake."

Niliporudi kazini niliandika chini yake: Walipigwa. Sikusikia. Ukurasa huo upo mpaka leo.

Mara ya pili nilikwenda kwa Guyo, kwenye kibanda chake. Alikuwa ameinama akichoma waya wa redio ya mtu. Hakunikaribisha na hakunifukuza. Nikasema niliyokuja kusema, nikiwa nimesimama juani. Sikutaja kidaftari tu, nilitaja pia na mfuko.

"Siku nne si nyingi," akasema. "Lakini mama yangu aliambiwa mimi ni mtu wa shifta, wa wale majambazi wa bunduki. Yeye yuko mbali. Nani atakwenda kumwambia si kweli?"

Akaendelea na waya wake. Kisha akauliza, "Ile kelele bado iko?"

"Iko."

"Mimi sirudi pale."

"Najua."

Akararua ukurasa, akachora. Alinieleza taratibu, kwa maneno machache, kama unavyomweleza mtu ambaye humpendi lakini hutaki akosee. Zima kila kitu, chomoa waya, gusa chuma cha kasha kwanza ili umeme wa mwilini usiue kadi. Kipande cha zamani kimegandishwa kwa gundi, usiking'oe kwa nguvu. Kipashe joto kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha kizungushe kidogo kidogo mpaka kiachie. Futa gundi. Yale mafuta meupe ya kupitisha joto yapake membamba, yasijae. Skrubu zikaze kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo, la sivyo utavunja. Na waya wa feni mpya uhamishie hapa, ili ipate umeme mdogo na izunguke polepole.

"Asante," nikamwambia.

"Si kwa ajili yako," akasema. "Kuna madereva."

Basi niliporudi Dadaab nilifanya mwenyewe, Mutua akinishikia tochi. Matundu nilimalizia kwa tupa ya Guyo, iliyobaki sakafuni tangu siku aliyochukuliwa. Nilikizungusha kile kipande cha zamani kidogo kidogo. Kilipoachia kilitoa mlio kama jino, nikadhani nimeua kadi. Nilikaza skrubu kwa zamu. Tukawasha. Ramani ikatokea kwenye kioo, na hapakuwa na sauti. Mutua aliweka mkono juu ya ile feni pana kuhakikisha inazunguka, maana hakuamini. Mimi pia sikuamini. Juma zima nilikuwa nikiinuka kwenda kuigusa, nikishuku kimya kile.

Lakini kelele ilipoondoka niligundua kwamba bado nakisia. Mazoea hayakuwa kwenye feni. Ilibidi nijifunze upya, mimi mtu mzima, kusema mbele ya madereva wote wanaosikiliza: sijakusikia, rudia. Mara ya kwanza nililisema neno hilo uso ukiwaka moto. Madereva walichoka na mimi. Hawaniiti tena yule anayesikia mchanga ukitembea. Na sasa sauti yangu haifiki bombani, na saa za malori hazitajwi hewani.

Limebaki jambo moja, na hili ndilo gumu.

Barua yako ya kazi haikufika siku niliyokupa. Ilikaa siku nne chini ya godoro langu. Niliifungua, nisamehe, na nikaona imeandikwa kwamba umechukuliwa kwa pendekezo la fundi wa mitambo wa ofisi ya Mandera. Chini palikuwa na jina lake. Guyo.

Sikujua kama amehamia huko. Unaweza kukisia nilivyofikiri siku hizo nne. Nilifikiri amemtafuta mwanangu. Nilifikiri atakuita huko mbali, kisha siku moja kitapotea kitu, na atakuonyesha wewe kidole, na utakaa ndani siku nne. Niliipanga hadithi yote, na kila kipande kililingana na kingine, kama kilivyolingana kile cha tano na nusu. Hapo ndipo niliposhtuka. Siku ya tano, nikiwa kazini, niliomba Mandera wamwite kwenye redio.

"Ni wewe," akasema aliposikia sauti yangu.

Nikamuuliza kwa nini amempendekeza msichana anayeitwa Ayan.

Akasema mwezi wa Ramadhani alikuwa akitengeneza redio ya huko, akaiacha wazi kuijaribu, akasikia msichana kwenye kiti changu, akizungumza na dereva. Ni zile siku kumi ulizonishikia zamu nilipougua. "Alimwambia sijakusikia, rudia. Mara nne. Dereva alimtukana, na yeye akasema tena, rudia. Nikauliza jina. Hapa walikuwa wanatafuta mtu. Basi."

Nikangoja aseme kwamba anajua wewe ni nani. Hakusema. Jina lako ni la baba yako na babu yako, kama ilivyo kwetu, langu halimo. Labda hajui kabisa. Labda anajua na amenyamaza, kwa sababu huyo ni mtu wa kunyamaza. Nilifungua mdomo nimwambie, nikabonyeza kitufe, na nilichosema ni, "Nimekupokea, ova." Kumbe bado ni mimi yule yule.

Sitaki ulibebe hili. Usiende kumwomba radhi kwa niaba yangu, na usimchunguze kama nitakavyotamani umchunguze. Fanya kazi yako. Akikueleza jambo la mitambo, sikiliza mpaka mwisho. Ukihisi ndani yako mtu ameanza kuwa mbaya kwa sababu wewe umekosea jambo, toka nje, nawa uso, kisha urudi uulize upya ulichokosea.

Safari yako ni ya siku mbili. Kesho nikishakupandisha basi narudi Dadaab, na asubuhi ya kesho kutwa, wewe ukiwa bado njiani, nitamwita Guyo kwa sauti ya chini na kumwambia kwamba huyo Ayan ni mtoto wangu. Akisema amekosea, akifuta jina lako, utalala kwa mwenye nyumba yule siku moja na kurudi na basi la kesho yake, na lawama zako nitazipokea hapa mlangoni. Akinyamaza, nitangoja. Na nisiposikia atakachojibu, nitamwambia sijakusikia, rudia.

Ukifika atakuwa ameshajua.

Mimi, hooyo wako,
Habiba